Riwaya za Mudimbe: ni falsafa iliyovalishwa koti?

Swali: "Mwalimu, jambo sana. Niko mwaka wa mwisho wa masomo ya fasihi hapa Lubumbashi, ninaandika memwari juu ya riwaya za V. Y. Mudimbe. Mwongozaji wangu anasema riwaya zile ni falsafa iliyovalishwa koti, nisipoteze wakati na hadithi, nitafute mawazo tu. Nimesoma wahakiki wanne watano, na kila mmoja anavuta upande wake. Kwa kweli wanazipokeaje riwaya za mwanafalsafa huyu? Na mimi nishike lipi?"

Jambo sana, mwanangu.

Nitaanza na miaka, maana nusu ya ugomvi wa wahakiki juu ya Mudimbe imejificha humo. Entre les eaux ilitoka 1973. Le Bel immonde, 1976. L'Écart, 1979. Kile kitabu cha Kiingereza kilicholipeleka jina lake katika kila chuo kikuu, The Invention of Africa, ni cha 1988, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo ya Herskovits, ya vitabu juu ya Afrika, kule Marekani. Shaba deux, riwaya ya nne na ya mwisho, ikachapishwa 1989. Kwa hiyo riwaya tatu kati ya nne zilikuwa zimeshasomwa, zimeshabishaniwa, nyingine zimeshachakaa kwa kuazimana mkono kwa mkono, kabla ya kitabu ambacho leo watu wanakitumia kuzifungulia. Mwongozaji wako anakwambia hadithi ni koti na falsafa ndiyo mwili. Sasa mwulize kwa heshima: koti lilishonwaje miaka kumi na mitano kabla ya mwili kupimwa?

Lakini nisizidishe. Mwaka huohuo wa 1973 Mudimbe alitoa pia kitabu cha insha, L'Autre face du royaume, na mnamo 1982 kikaja kingine, L'Odeur du père. Hatuwezi basi kusema mtunzi alizaliwa kwanza na mwanafalsafa akafuata. Walikuwa mapacha, na kosa la wahakiki wengi ni kumfanya pacha mmoja mtumishi wa mwenzake.

Wasomaji wa kwanza, wa miaka ya 1970, walikuwa watu wa Kifaransa: wa kwetu huku Zaire ya wakati ule, wa Paris, wa Ubelgiji. Kwao Mudimbe alikuwa profesa kijana wa Lubumbashi, mzaliwa wa Likasi ya 1941, aliyepitia utawa wa Wabenedikto huko Rwanda na kuuacha, akasoma chuo kikuu cha Lovanium hapa nchini, kisha Louvain huko Ubelgiji. Rais Mobutu alipofuta majina ya Kikristo, Valentin-Yves akawa Vumbi-Yoka, herufi V. Y. zikabaki palepale zimebeba majina yote mawili. Wasomaji hao waliichukua Entre les eaux kama riwaya ya Kanisa na uasi. Pierre Landu, padri mweusi mwenye elimu ya Roma, au mupe kama tunavyosema hapa, anawaacha waumini wake na kuingia msituni kwa waasi wa Kimarx, kwa kuwa Kanisa limekaa upande wa matajiri. Waasi hawamwamini. Barua aliyowaandikia wakubwa wa Kanisa inakamatwa, naye anahukumiwa kifo kama msaliti. Shambulio la jeshi la serikali ndilo linalomwokoa. Anaoa, ndoa haimtulizi, na mwisho anaingia monasteri ya Wasistersiani na kupewa jina jipya. Mwaka 1975 kitabu hiki kikapata tuzo kuu ya Kikatoliki ya fasihi huko Ufaransa. Hapo tayari unaona mapokezi mawili yanayogongana: Wakatoliki waliona humo roho inayomtafuta Mungu, wakati wasomaji wa mrengo wa kushoto waliona msomi asiyeweza kuwa mwanamapinduzi kwa sababu hawezi kuacha kujitazama kwenye kioo. Mimi nadhani wote waliona sawa. Landu hujidanganya huku akijua kwamba anajidanganya, jambo ambalo Sartre, mwanafalsafa wa Ufaransa, alilichambua kwa kurasa nyingi. Katika riwaya unalisikia tumboni: kila Landu anapofanya tendo jema, anasimama kando na kulisifu au kulilaumu.

Kundi la pili ni wale wanaotafuta maisha ya mwandishi. Landu ni Mudimbe, wanasema, kwa sababu Mudimbe naye alikuwa mtawa. Usiifuate njia hii mbali. Tazama mwelekeo wa miguu: Mudimbe alitoka monasteri akiwa kijana, akaenda kusoma, Landu baada ya yote anaingia monasteri. Riwaya imechukua njia ya mwandishi na kuirudisha nyuma. Mhakiki anayesema "huyu ni yeye" ananyimwa jambo zuri kabisa, yaani mtu anayejiuliza kwa vitabu vizima ingekuwaje kama angefuata njia ile ambayo hakuifuata.

Hapa mjini petu uhakiki ulikuja hata kwa sura ya riwaya. Georges Ngal, aliyefundisha naye hapa, alichapisha Lubumbashi mwaka 1975 Giambatista Viko ou le viol du discours africain, habari za msomi anayetaka kuandika riwaya kuu kwa kuiba siri ya usimulizi wa wazee, hadi wazee wanamfikisha kwenye hukumu. Wapo waliomwona Mudimbe katika msomi yule. Sitaingia katika ugomvi wa watu wazima waliofundisha kizazi kizima, ila nakuomba ukisome kitabu hicho sambamba. Kinakuonyesha kwamba swali la "nani ana haki ya kuisema Afrika, na kwa maneno ya nani" lilikuwa linajadiliwa katika vyumba vya madarasa vya mji huu miaka mingi kabla Wamarekani hawajalikuta kwenye The Invention of Africa.

Sasa tufike kwa hao Wamarekani, maana ndipo mkondo wa mto ulipogeuzwa. Mudimbe aliondoka nchini Mobutu alipotaka kumwingiza katika kamati kuu ya chama, na miaka ya 1980 akawa anafundisha Marekani. Kitabu cha falsafa kikatoka 1988. Ndipo riwaya zikaanza kutafsiriwa kwa Kiingereza: Le Bel immonde mwaka 1989, Entre les eaux mwaka 1991, L'Écart mwaka 1993. Ona mpangilio. Msomaji wa Kiingereza alikutana na mwanafalsafa kwanza, kisha, akiwa tayari ameshika wazo la "maktaba ya kikoloni", yaani ile ghala ya maandishi ya wamisionari, wasafiri na wanaanthropolojia ambayo kila anayeisema Afrika anajikuta anakopa humo, akapewa riwaya. Akazisoma kama mtu anayesahihisha mtihani huku majibu yako mezani: maktaba ya kikoloni hii hapa, suala la Foucault, yule mwanafalsafa wa Ufaransa, lile pale, vizuri, tuendelee. Wahakiki hawa si wavivu. Ni watu waliopewa kitabu cha pili kabla ya cha kwanza.

Linganisha na Bernard Mouralis. Kitabu chake, V. Y. Mudimbe ou le discours, l'écart et l'écriture, kilitoka 1988, mwaka uleule wa The Invention of Africa. Umaarufu wa kitabu kile ulikuwa bado haujamfunika macho. Alimsoma mwandishi wa Kifaransa ambaye mashairi, riwaya na insha zake zinatembea pamoja. Ndiyo maana mpaka leo nawaambia wanafunzi waanze naye. Baadaye kuna Justin Bisanswa, mwaka 2000, anayefuatilia kumbukumbu zinazogombana na jinsi ishara zinavyovukwa. Kuna Kasereka Kavwahirehi, mwaka 2006. Kuna Pierre-Philippe Fraiture, mwaka 2013. Hawa watatu utawahitaji. Wawili wa kwanza ni watoto wa nchi hii, na hilo lina uzito: wanajua misa ya mission inasikikaje, wanajua kumcheka msomi na kumwonea huruma kwa pamoja.

Lawama nzito zaidi ambayo utakutana nayo ni kwamba Mudimbe haonyeshi mlango wa kutokea. D. A. Masolo, mwanafalsafa wa Kenya, katika kitabu chake cha 1994 juu ya falsafa ya Afrika, alimlaumu Mudimbe kwa kubaki ndani ya mduara uleule anaoubomoa: anakosoa fikra za Kizungu kwa vyombo vya Wazungu na hajengi nyumba nyingine. Lawama hii ni juu ya falsafa, lakini wengi wameihamishia kwenye riwaya, na ukitazama juujuu inakaa vizuri. Landu anaishia nyuma ya ukuta wa monasteri. Waziri wa Le Bel immonde anakufa. Nara, kijana wa L'Écart, anakufa. Mtawa wa Shaba deux anauawa. Wote wanne wamefungiwa.

Mimi sikubali kwamba lawama inayomfaa mwandishi wa insha inamfaa moja kwa moja mtunzi wa riwaya. Mwandishi wa insha akikuambia "hakuna njia", una haki ya kumdai njia. Mtunzi akikuonyesha mtu anayekufa kwa kukosa njia, hajasema njia haipo. Amekufanya ukae matangani. Mtu akitoka matangani hasemi marehemu alikosa hoja.

Chukua L'Écart, maana hapa ndipo memwari yako inaweza kupata nguvu. Ahmed Nara ni mwanahistoria, anaandika tasnifu juu ya Wakuba, kabila la Kasai hapa nchini. Anataka kuiandika historia yao bila kuazima maneno ya wale waliowaandika kabla yake. Anakaa maktaba, anabishana na marafiki, anapenda, anakwenda kwa daktari wa nafsi, anaandika daftari. Tasnifu haisogei. Daftari linakatikakatika, sentensi zinakatwa katikati, usiku unaingia ndani ya mchana. Tunayoyasoma ni madaftari yaliyobaki baada yake. Miaka tisa baadaye, katika The Invention of Africa, Mudimbe ataeleza kwa utulivu wa profesa jinsi elimu juu ya Afrika ilivyojengwa kwa vyombo vya wengine. Ndani ya riwaya hakuna utulivu. Wazo lilelile limepewa mwili wa kijana, na mwili unashindwa kulibeba. Haya, kipi ni koti na kipi ni mwili?

Ndiyo sababu naogopa sana zoea la shule la kupasua kitabu vipande viwili. Majirani zetu wa Tanzania na Kenya wana maneno yao, fani na maudhui. Sisi tulipewa yaleyale kwa Kifaransa. Kwa riwaya nyingi mpasuo huo unakusaidia kupanga kazi. Kwa Mudimbe unaua. Kukatika kwa daftari la Nara ndiyo hoja yenyewe. Ukitoa "mawazo" na kuacha mkatiko, umebaki na sentensi ambayo ungeweza kuiokota katika kitabu chochote cha anthropolojia.

Fanya jaribio moja la lugha yetu. Katika Le Bel immonde waziri na mwanamke anayeitwa Ya tu wamo ndani ya mapenzi yenye hila, Kinshasa, wakati wa maasi ya miaka ya 1960. Baba wa mwanamke ameuawa, na waasi wanamtumia binti kumpeleleza waziri. Usimulizi unahama, mara mimi, mara wewe, mara yeye, mpaka msomaji anajiuliza ni nani anayemtazama nani. Sasa tafsiri maneno ya Ya kwa waziri kwa Kiswahili cha hapa Lubumbashi. Utaandika "unatoka wapi?" au "munatoka wapi?" Hapa kwetu mkubwa anasemeshwa kwa mu-, na mpenzi anasemeshwa kwa u-. Kila sentensi itakulazimisha kuamua kama sasa hivi yule ni waziri au ni mwanaume tu. Nilijaribu kurasa tatu na wanafunzi wangu, tukabishana mpaka mlinzi akaja kufunga darasa. Mbishano ule ulitufundisha zaidi juu ya mamlaka na mwili kuliko makala mengi niliyosoma juu ya kitabu hicho. Na ulitufikisha kwenye swali ambalo wasomaji wanaoangalia nafasi ya wanawake wanaliuliza kwa haki: Ya ni mtu mwenye nia yake, au ni uwanja tu ambamo wanaume wanapigania vita vyao? Sikuwahi kupata jibu la kuniridhisha, na nashuku Mudimbe aliliacha wazi kwa kukusudia.

Halafu kuna Shaba deux, na hapa uniruhusu nikae kidogo. Ni madaftari ya mama Marie-Gertrude, mtawa wa Kifransisko huko Kolwezi, wakati wa vita vya Mei 1978. Waasi waliotoka Angola waliuteka mji, na siku chache baadaye askari wa miavuli wa Ufaransa wakarushwa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Nakumbuka malori yakiingia Lubumbashi na watu waliokaa juu ya magodoro bila kusema neno, na mama yangu akibeba sufuria ya bukari, ugali wetu wa hapa, kuwapelekea watu asiowajua. Kwa hiyo sikukisoma kitabu hiki kama mhakiki. Masista wa Kizungu wanaondoka, mwanamke mweusi anaachiwa nyumba ya watawa, na kila siku anaandika kwa sentensi fupi: nani amekuja, nani amejeruhiwa, nini kimebaki jikoni, Mungu yuko wapi. Anauliza yeye ni wa nani: wa Kanisa, wa nchi, wa watu wake? Hakuna profesa humo wala tasnifu.

Riwaya hii ndiyo iliyosemwa kidogo kuliko zote nne, na kwangu sababu iko wazi: haiingii kirahisi katika droo ya "maktaba ya kikoloni". Mhakiki aliyekuja na ufunguo wa 1988 anakuta mlango huu hauna tundu la ufunguo wake. Lakini ukisoma mchana, ukiwa na ramani ya Kolwezi kichwani, utaona falsafa ipo, imeshuka tu kutoka kwenye midomo ya wasomi na kukaa katika mikono ya mwanamke anayefunga vidonda. Ukiniuliza ni sura ipi ya memwari yako ambayo hakuna aliyeiandika vya kutosha, ni hii.

Utaniuliza kama Waswahili wengine wana mfano wa namna hii. Wapo nao, na mapokezi yanafanana kiasi cha kushangaza. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe aliandika tasnifu ya falsafa na uhakiki huko Wisconsin mwaka 1985, kisha akatoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya fupi ambamo wanafikra wa kale na wa karibuni wanatokea kama watu wa njiani. Wasomaji waliomzoea wa Rosa Mistika walilalamika kwamba hazisomeki. Wahakiki wengine wakauliza kama ni riwaya kweli. Wengine wakakimbilia kwa wanafalsafa wa Ujerumani, Nietzsche na Heidegger, kutafuta majibu. Umeuona mchezo uleule? Tofauti ni kwamba Kezilahabi aliifikiria falsafa hiyo kwa Kiswahili, na hivyo wahakiki wake walilazimika kutengeneza maneno. Hao wametuachia msamiati ambao sisi wa Katanga tunaweza kuutumia kumsoma Mudimbe, ambaye utoto wake wa Likasi ulipita masikioni mwa Kiswahili ingawa kalamu yake ilikwenda Kifaransa. Azima humo bila haya.

Kuna siku nilimsimulia mama yangu hadithi ya Landu, jioni, umeme umekatika, yeye akichambua sombe, majani ya muhogo. Alikuwa mjane wa katekista, hakuwahi kusoma riwaya. Alisikiliza mpaka mwisho, monasteri, jina jipya, yote. Kisha akaniuliza: "Na wale watu wa parokia aliowaacha, nani aliwazikia wafu wao?" Nimesoma wahakiki wa Mudimbe kwa zaidi ya miaka thelathini. Wameuliza juu ya dhamiri ya Landu, juu ya Marx, juu ya Roma, juu ya kioo. Swali la mama sijalikuta popote. Nilirudi kwenye kitabu kulitafutia jibu, nikaona kwamba Landu mwenyewe anawataja waumini wake kama umati, karibu hawana nyuso, na hapo nikaelewa dosari yake kwa namna ambayo Sartre hakunisaidia kuielewa.

Mudimbe alifariki Aprili 2025 huko Marekani, akiwa na miaka 83. Rambirambi nyingi nilizosoma zilijaa The Invention of Africa. Riwaya nne zilipewa mstari mmoja, mara nyingine majina tu yaliyotenganishwa kwa mkato. Wewe unaweza kuanza kulirekebisha hilo kutoka mji aliofundisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Soma riwaya nne kwa mpangilio wa miaka, bila kufungua kitabu chochote cha uhakiki, na daftari kando. Andika kila mahali ulipokasirika, ulipochoka, ulipotaka kumpiga Landu kofi. Ndipo umchukue Mouralis, kisha Bisanswa na Kavwahirehi, kisha Fraiture, na Masolo kwa ajili ya lawama. The Invention of Africa iache iwe ya mwisho. Na kwa mwongozaji wako usibishane juu ya koti. Mpelekee kurasa kumi juu ya madaftari mawili, la Nara na la Marie-Gertrude, ukionyesha sentensi zinakatika wapi na kwa nini. Ukikwama Shaba deux, njoo nyumbani Jumamosi baada ya saa nane. Nina nakala yangu, ina kurasa zilizolegea lakini zote zipo.